Rangi ya Akriliki kwa Mwanafunzi wa Uchoraji Bonde la Kilombero

Rangi ya akriliki ina vitu vitatu vikubwa ndani yake: unga wa rangi, chembe ndogo mno za plastiki ya akriliki, na maji yanayovibeba vyote viwili. Ikiwa mbichi hupunguzwa kwa maji, hufutika kwa kitambaa chenye unyevu na hutoka mikononi kwa sabuni. Maji yakishaondoka, chembe za plastiki husogeleana, hubanana, kisha huungana kuwa ngozi moja inayonyumbuka, na unga wa rangi hubaki umefungiwa ndani yake. Ngozi hiyo haiyeyuki tena kwa maji. Karibu kila jambo ambalo mwanafunzi hulazimika kujifunza juu ya akriliki, tangu kuandaa kitambaa hadi kupaka vanishi, linatokana na maji hayo kuiacha rangi na kwenda hewani. Anayelielewa jambo hilo anaweza kufanya kazi ya kudumu akiwa Ifakara na vifaa vichache, vingine vya duka la vifaa vya ujenzi. Asiyelielewa ataharibu hata kanvasi ya gharama kubwa.

Akriliki ni rangi changa. Mkemia Mjerumani Otto Röhm aliandika tasnifu yake kuhusu kemikali za jamii hii mwaka 1901, lakini kwa miongo kadhaa zilibaki mali ya viwanda. Mwaka 1947 Leonard Bocour na Sam Golden wa New York walitoa Magna, rangi ya akriliki ambayo bado ilihitaji tapentaini. Ile ya maji, ambayo ndiyo inayouzwa leo, iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1950 kwa jina la Liquitex, kazi ya Henry Levison wa Cincinnati. Huko Mexico José Gutiérrez naye alikuwa akifanya majaribio kwa ajili ya wachoraji wa kuta, watu waliotaka rangi ya kuhimili jua kali na mvua kubwa. Haja hiyo ya Mexico ndiyo iliyo karibu zaidi na haja ya mchoraji wa Kilombero.

Afrika Mashariki ilikuwa na rangi zake. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere chini ya Margaret Trowell na baadaye katika shule ya Slade, London, alichora maisha ya vijijini kwa rangi za mafuta za wasanii. Edward Saidi Tingatinga, kijana kutoka Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, rangi hizo hakuwa nazo wala kanvasi hakuwa nayo. Alitwaa vipande vya silingi bodi na rangi ya mafuta ing'aayo, ile ya kupakia baiskeli, akaanzisha mtindo ulioendelezwa na jamaa na wanafunzi wake baada ya yeye kufariki mwaka 1972. Vijana wengi wa Tanzania huujua mtindo huo kabla hawajashika tyubu ya akriliki, na hapo ndipo ugumu wa kwanza unapoanzia. Rangi ya Tingatinga hukauka kwa saa nyingi, hivyo mchoraji ana nafasi ya kuulainisha usuli wake taratibu kutoka buluu hadi nyeupe. Akriliki iliyopakwa nyembamba, katika joto la Ifakara, hukauka juu kwa dakika chache tu. Mkono uliozoea rangi ya baiskeli hurudi mahali palipokwisha kuanza kushika, na brashi huichuna ngozi changa badala ya kuilainisha. Mwanafunzi hudhani rangi ni mbovu, kumbe amechelewa.

Mafunzo rasmi ya uchoraji nchini yako mbali na bonde. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa, Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa na utamaduni iliyoanza kama chuo mwaka 1981, na katika eneo la Mikocheni jijini Dar es Salaam ipo Nafasi Art Space, iliyofunguliwa mwaka 2008, ambako wasanii wana vyumba vya kazi na vijana hupata mafunzo. Kwa aliyeko Ifakara, Mang'ula au Mlimba, vituo hivyo hufikiwa kwa treni ya TAZARA au kwa basi kupitia Kidatu na Mikumi, na tyubu za rangi za wasanii nazo huagizwa kwa njia hiyo hiyo. Umbali huo ni sababu nzuri ya kujua kila kifaa kinafanya nini kabla ya kukitolea fedha.

Kwenye tyubu yenyewe kuna habari nyingi kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Mbali na jina la kupendeza la rangi, watengenezaji makini huandika namba ya unga uliotumika: PW6 ni nyeupe ya titani, PB29 ni buluu ya altramarini, PB15 ni buluu ya thalo, PY43 ni manjano ya udongo. Herufi ya pili na zinazoifuata hutaja kundi la rangi kwa Kiingereza, nayo namba hutaja unga mahususi. Tyubu yenye namba moja huchanganyika kwa usafi zaidi kuliko yenye namba tatu, kwa sababu kila unga unaoongezwa huzima mng'aro wa mwenzake. Rangi za daraja la wanafunzi zina unga mchache na chokaa nyingi ya kujazia. Si mbaya kwa mazoezi, na hakuna aibu kuanza nazo. Ila inafaa kujua kwamba nyeupe hafifu haifuniki, hata ipakwe mara nne, na mwanafunzi anayelaumu mkono wake huenda angepaswa kuilaumu nyeupe yake. Kama fedha inatosha tyubu moja tu ya daraja la juu, inunuliwe nyeupe ya titani, maana ndiyo itakayoisha kwanza na ndiyo itakayoingia katika karibu kila mchanganyiko.

Rangi sita zinatosha kwa mwaka mzima wa kujifunza: nyeupe ya titani, manjano ya ndimu, manjano ya udongo, nyekundu moja yenye nguvu, altramarini, na kahawia ya udongo uliochomwa. Nyeusi si lazima. Altramarini ikichanganywa na kahawia hiyo hutoa giza zito lililo hai zaidi kuliko nyeusi ya tyubu, na kwa kuzidisha moja ya hizo mbili giza huelekea kwenye ubaridi au kwenye joto kadiri mchoraji atakavyo. Buluu ya thalo inaweza kuongezwa baadaye, kwa tahadhari: nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba tone dogo hugeuza rundo zima la nyeupe.

Duka la vifaa vya ujenzi nalo lina lake. Rangi ya maji ya kupakia nyumba ni ndugu wa akriliki ya wasanii, kwani nayo ni chembe za plastiki zilizomo ndani ya maji. Tofauti iko katika aina ya plastiki na uwingi wa chokaa. Rangi ya bei ya chini hutumia plastiki dhaifu, ina chokaa tele, na baada ya miaka michache hutoa vumbi jeupe kidole kikipitishwa juu yake. Ile ya nje ya nyumba iliyoandikwa kuwa ni akriliki tupu ni imara zaidi. Kwa michoro ya mazoezi, kwa ukuta wa shule au kwa koti la kwanza juu ya bodi, rangi hiyo inafaa sana na humwezesha mwanafunzi kufanya kazi kubwa bila kuhesabu matone. Kwa mchoro unaotarajiwa kuuzwa au kutunzwa, itumike chini, na juu yake iwekwe rangi ya wasanii.

Kuna mpaka mmoja usiovukwa. Akriliki haishiki juu ya rangi ya mafuta. Kibao cha zamani cha duka, kilichopakwa rangi ya mafuta ing'aayo, kinaweza kuonekana ni bodi ya bure, lakini akriliki juu yake hukaa kama utando usio na mizizi na siku moja hubanduka vipande vipande. Kibao hicho hufaa kikipigwa msasa mpaka rangi yote ya mafuta itoke. Kinyume chake kinawezekana: rangi ya mafuta juu ya akriliki iliyokauka vizuri hushika.

Kitu kinachochorewa kinastahili subira zaidi kuliko kinavyopewa. Kitambaa cha amerikani ni pamba, na pamba ndiyo inayotumika katika kanvasi nyingi za dukani. Tatizo la amerikani ni wepesi wake, hivyo uchaguliwe ule uliofumwa kwa kubana. Fremu ya mbao hutengenezwa ikiwa na kingo za mbele zilizochongwa kidogo ili kitambaa kisiguse ubao isipokuwa ukingoni. Bila hivyo mstari wa ubao utajichora wenyewe kwenye picha. Kitambaa hupigwa pini kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, upande mmoja kisha ule unaoukabili, na pembe huachwa hadi mwisho. Kwa mbao, bonde lina bahati: mashamba ya mtiki yaliyopandwa Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990 yamefanya mti huo ujulikane kwa maseremala, na mtiki hauliwi kirahisi na mchwa. Mabaki membamba ya karakana yanatosha fremu ya mchoro mdogo.

Juu ya kitambaa kilichovutwa hupakwa jeso, ambayo ni akriliki iliyojazwa chokaa laini na nyeupe ya titani. Kazi yake ni kuufanya uso uwe na meno ya kushika rangi na kiu ya kiasi. Makoti mawili au matatu membamba yanapita koti moja nene, na kati ya koti na koti uso hupitishwa msasa laini. Bodi ngumu, ile inayotumika kwenye dari, huhitaji kupigwa msasa upande wake unaong'aa, kisha kupakwa pande zote mbili na kingoni. Wengi hupaka mbele tu. Ikifika Machi na Aprili, mvua kubwa zinapolijaza bonde na hewa ikawa nzito kwa unyevu, bodi iliyopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa mgongo wake na kupinda. Gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji hutumiwa na baadhi ya wachoraji badala ya jeso. Kwa mazoezi haina ubaya, lakini nyingi ya gundi hizo hulainika tena zikilowa na huelekea kuwa njano na ngumu kwa miaka, kwa hiyo hazifai chini ya kazi ya kudumu.

Brashi za akriliki ni bora zikiwa za nyuzi za nailoni, kwa kuwa nywele za asili hunyonya maji na kulegea. Bapa moja pana, bapa moja ya wastani na moja ya mviringo yenye ncha zinatosha. Brashi isiyotumika ikae ndani ya maji ikiwa imelazwa, wala isisimamishwe kwa nywele zake, na mwisho wa kazi ioshwe kwa sabuni hadi povu litoke jeupe. Rangi ikishakauka kwenye shina la nywele, brashi hiyo imekwisha. Badala ya kisu cha paleti, kadi ya plastiki iliyokatwa kwa mkasi hufanya kazi vizuri.

Paleti ya mbao, ile ya picha za wachoraji wa Ulaya, haifai kwa akriliki ya Ifakara, kwani rangi itakuwa imekufa kabla mchoro haujaanza. Kinachofaa ni sinia lenye kitambaa au sifongo iliyolowa, na juu yake karatasi ya kuokea keki. Maji hupanda polepole kupitia karatasi na kuiweka rangi hai kwa saa kadhaa, na ikifunikwa vizuri huweza kufika kesho yake. Chupa ya kupulizia maji iwe karibu. Kifaa hiki cha sinia, cha senti chache, humsaidia mchoraji wa nchi ya joto kuliko tyubu tano za ziada, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya kujifunzia hukitaja pembeni tu.

Sasa kuhusu rangi zenyewe zinavyobadilika. Akriliki mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa ikikauka. Sababu ni kwamba plastiki ndani ya maji ina weupe wa maziwa. Ikikauka huwa angavu, na rangi huzama kidogo kwenye giza. Mchoraji wa anga la Kilombero anayechanganya buluu inayolingana na anga kwenye sinia atapata anga lililokolea mno ukutani. Dawa yake ni kupaka mstari mdogo kwenye karatasi pembeni, kungoja ukauke na kulinganisha. Baada ya wiki kadhaa za kufanya hivyo jicho hujua lenyewe kiasi cha kuongeza nyeupe.

Bonde hili ni shule ya kijani, na kijani ndiyo rangi inayowashinda wanafunzi wengi. Kijani cha tyubu, kikitumika kilivyo, hufanya shamba la mpunga lionekane kama plastiki, na hakuna kiasi cha ufundi wa brashi kinachoweza kuliokoa. Mpunga una vijani vingi, na kila kimoja kina msimu wake. Kitalu kipya ni manjano ya ndimu yenye buluu kidogo sana. Thalo hufaa hapo kwa kuwa ina uelekeo wa kijani ndani yake. Mpunga uliosimama vizuri, kabla ya kutoa masuke, umekolea na una ubaridi; manjano hupungua, buluu huongezeka, na punje ya nyekundu huingizwa ili kuzima ukali. Altramarini na manjano ya udongo hutoa kijani cha zeituni, kilichotulia, kinachofaa kwa majani makavu ya pembeni mwa njia na kwa migomba yenye vumbi. Mpunga unapoiva, kijani hurudi nyuma na manjano ya udongo yenye nyeupe huchukua nafasi, huku kijani kikibaki chini kwenye mashina tu. Mchoraji anayetaka kulijua somo hili achore shamba lile lile tangu kupandikiza hadi kuvuna, kwa karatasi ndogo, rangi tatu au nne tu, na kila mchanganyiko auandike nyuma ya karatasi. Hakuna kitabu kitakachomfundisha kijani zaidi ya hapo.

Nyuma ya mashamba husimama Udzungwa. Misitu yake, iliyo hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, ni ya kijani kizito mtu akiwa karibu nayo, lakini ikitazamwa kutoka Ifakara ni ya buluu. Hewa yenye mvuke kati ya jicho na mlima hutawanya mwanga, hupunguza tofauti ya kivuli na nuru, na huisukuma kila rangi kuelekea buluu iliyofifia. Milima hiyo huchorwa kwa altramarini, nyeupe nyingi na kahawia kidogo, na safu ya nyuma zaidi hupewa nyeupe zaidi. Mwanafunzi anayepaka kijani cha msituni kwa sababu anajua kuna msitu ameuleta mlima mpaka uani. Upande wa pili, kwenye tambarare za mafuriko ambako sheshe hula majani, maji yana rangi ya udongo yanapoangaliwa karibu na rangi ya anga yanapoangaliwa mbali. Mtumbwi mmoja unaweza kukaa juu ya rangi zote mbili, na mpaka kati yake ukawa ndio uhai wote wa picha.

Namna za kupaka si nyingi. Ya kwanza ni kujaza: maeneo makubwa hupakwa kwa brashi pana na rangi iliyopunguzwa, giza na nuru zikitengwa mapema, bila kugusa undani wowote. Akriliki hupenda kujengwa hivyo, koti juu ya koti, kwa sababu koti lililokauka halichafuliwi na linalofuata. Hapo ndipo kasi ya kukauka, iliyokuwa kero, inapogeuka kuwa faida. Mchoraji wa rangi za mafuta hungoja siku. Wa akriliki hunywa chai na kuendelea.

Kwa kupunguza, maji yana kikomo. Yakizidi, chembe za plastiki hutawanyika mno, zisiweze kuungana vizuri, na koti linalobaki hufutika kwa kidole. Rangi inayohitajika kuwa nyembamba sana huchanganywa na midiamu, yaani plastiki ile ile ya akriliki isiyo na unga wa rangi. Kwa midiamu hupatikana utando unaopitisha mwanga. Kahawia nyembamba juu ya uso uliokwisha kuchorwa huupa kivuli bila kuufunika. Manjano nyembamba juu ya shamba zima huleta jua la saa kumi na mbili jioni kwa mkono mmoja. Tando tatu au nne zilizopandana zina kina ambacho mchanganyiko mmoja wa sinia hauwezi kutoa. Hii ndiyo mbinu inayowatenganisha wanaoijua akriliki na wanaoitumia tu, na inahitaji jambo moja: kila utando ukauke kabisa kabla ya unaofuata.

Kupaka brashi ikiwa kavu ni kinyume chake. Brashi huchovywa, hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha hupitishwa juu ya uso mkavu kwa wepesi hadi rangi ishike vilele vya kitambaa na kuacha mabonde yake. Inafaa kwa vumbi la barabara, nyasi kavu za Agosti, ngozi ya mti. Kupaka nene kwa kisu huhifadhi alama ya mkono, lakini rangi nene hukauka juu kwanza na kubaki laini ndani kwa wiki nyingi. Kulainisha kutoka rangi moja hadi nyingine kwahitaji kasi: rangi zote mbili ziandaliwe mapema, uso uloweshwe kidogo, eneo liwe dogo, na kazi ifanyike asubuhi kabla joto halijapanda au jioni. Vipo vimiminika vya kuchelewesha ukaukaji. Vikizidi huiacha rangi ikinata kwa siku nyingi, hasa msimu wa mvua, wakati hewa yenyewe tayari imeshiba maji. Feni na upepo wa nje huharakisha kukauka, kwa hiyo anayelainisha anga afunge dirisha, na anayepandisha makoti alifungue.

Mistari iliyonyooka, kama ya Daraja la Magufuli lililofunguliwa mwaka 2018 juu ya mto Kilombero, hupatikana kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Utepe hubandikwa, na ukingo wake hupakwa kwanza rangi ile iliyo chini tayari, au midiamu. Hiyo ndiyo inayopenya chini ya utepe na kuziba mianya. Rangi mpya hufuata na utepe ukitolewa mstari huwa safi kabisa.

Bonde lina hata unga wake wa rangi. Udongo mwekundu wa miinuko hupata wekundu kutokana na oksidi za chuma, na oksidi hizo hizo ndizo zilizomo katika tyubu nyingi za manjano ya udongo, nyekundu ya udongo na kahawia. Udongo hukorogwa ndani ya ndoo ya maji, mchanga huachwa uzame kwa muda mfupi, maji yenye rangi humiminwa kwenye chombo kingine, na baada ya siku moja au mbili udongo laini hutua chini. Hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa, kisha husagwa pamoja na maji kidogo na midiamu juu ya kioo. Rangi inayopatikana haifi kwa jua. Masizi ya taa yaliyochanganywa hivyo hutoa nyeusi, ingawa hukataa maji mwanzoni na huhitaji tone la sabuni. Mwanafunzi aliyetengeneza rangi yake mara moja hazungumzii tena tyubu kama kitu cha ajabu.

Mpangilio mzuri wa kujifunza huanza bila rangi nyingi. Chungu kimoja karibu na dirisha, kikichorwa kwa nyeupe na kahawia pekee, hufundisha nuru na kivuli kuliko mandhari ya rangi kumi. Baada yake hufuata rangi mbili zinazopingana, kisha sita. Kuhamisha mchoro mdogo kwenda kwenye ubao mkubwa hufanywa kwa kugawa vyote viwili viboksi vya idadi moja, njia ambayo wachora mabango wa mjini huijua vizuri; mwanafunzi asiye na mwalimu wa sanaa anaweza kujifunza mengi kwa kukaa karibu na mchora mabango mmoja makini, hasa namna ya kushika brashi na kuvuta mstari mrefu kwa bega badala ya kiganja.

Usalama wa kazi hii si mgumu lakini haupaswi kupuuzwa. Akriliki haina ukali wa tina, ila unga wa kadmiamu uliomo katika baadhi ya nyekundu na manjano ni sumu ukivutwa kama vumbi, hivyo koti la rangi hizo lisipigwe msasa mkavu, na brashi isinyooshwe ncha kwa mdomo. Maji ya kuoshea brashi yasimwagwe kisimani wala mtoni. Tambarare ya Kilombero imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa tangu mwaka 2002, na maji yake huelekea Rufiji; plastiki iliyomo katika rangi haiozi. Maji hayo yaachwe kwenye ndoo hadi uchafu utue, yachujwe kwa kitambaa, na tope likaushwe litupwe na taka ngumu. Brashi ikifutwa vizuri kwa karatasi kabla ya kuoshwa, kazi yote hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu.

Mchoro uliokamilika huachwa wiki mbili au zaidi kabla ya vanishi, na ule mnene muda mrefu zaidi, kwa kuwa vanishi huzuia maji yaliyobaki ndani yasitoke. Vanishi inayoweza kuondolewa ndiyo bora: vumbi la kiangazi linaloshika juu yake litatolewa pamoja nayo siku za usoni, na mchoro utabaki salama chini. Ngozi ya akriliki hulainika kwa joto, na katika nyuzi zaidi ya 30 michoro miwili iliyobanwa uso kwa uso huweza kugandana kiasi cha kuchunana ikitenganishwa. Isimamishwe kwa nafasi, mbali na ukuta wenye unyevu ambako ukungu huota. Ikisafirishwa kwenda Dar es Salaam bila fremu, hukunjwa kwenye bomba pana, rangi ikielekea nje, na karatasi ya nailoni ikiwekwa juu yake. Kukunja rangi ikielekea ndani huibana ngozi na kuifanya ijikunje. Ndani ya basi isiwekwe karibu na injini, na ikifika ifunguliwe siku ile ile.